Barafu Hakuomba Radhi

Soko letu la nyama lina chumba kimoja cha baridi, na fundi wake ni mwanamke. Jina alilopewa na wazazi wake wengi wetu hatulitumii. Sokoni anaitwa Barafu, na mwanzoni hakulipenda, maana waliomwita hivyo walikuwa wanamtania kwamba hacheki. Si kweli. Hacheki na mtu anayemletea upuuzi akiwa kazini, basi. Mimi nanoa visu pale pale mlangoni mwa chumba hicho, kwa hiyo mengi yaliyompata niliyaona mwenyewe, na yale nisiyoyaona nimesimuliwa na mama yake, ambaye ni mshonaji na huniletea mikasi yake.

Barafu alifiwa na baba akiwa bado anasoma. Aliyewachukua, yeye na mama yake, ni mjomba wake, kaka mkubwa wa mama, muuza nyama wa miaka mingi na mwenyekiti wa kamati ya soko. Ndiye aliyempeleka chuo cha ufundi wakati ndugu wengine wanauliza msichana atafanya nini na mabomba ya gesi. Ndiye aliyesimama mbele ya kamati, chumba cha baridi kilipojengwa, akasema fundi wetu tunaye, ni binti wa dada yangu, na hatutafuti mwingine. Kwa hiyo mtu asidhani mjomba huyu ni mtu mbaya. Ni mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa, asiyejua kusubiri.

Kinachofanya kazi katika chumba kile ni kompresa, pipa la chuma lililosimama nyuma ya ukuta, limefungwa kwa kuchomelewa kiasi kwamba huwezi kuona tumboni mwake bila kulikata. Ndani mna sahani mbili za chuma zilizojikunja kama ganda la konokono. Moja imetulia, nyingine inazunguka ndani ya mwenzake, na gesi inakamuliwa kuelekea katikati. Lakini inakamuliwa pale tu mzunguko unapokwenda upande wake. Ukienda kinyume, sahani zinasuguana bure, zinapiga kelele, hazikamui kitu, na mota inapata joto hadi inajiunguza. Na kugeuka ni jambo dogo sana. Umeme wa mashine kubwa unakuja kwa waya tatu zinazofuatana kwa zamu. Mtu akibadilisha mbili nafasi, hata kule nje kwenye nguzo, mashine inazunguka kinyume.

Barafu alilijua hilo, na ndiyo maana kwenye boksi la umeme alifunga kifaa kidogo, rilei ya fezi. Kazi yake ni moja. Inaangalia zamu ya waya tatu, na ikiona imevurugika hairuhusu kompresa kuwaka. Wauza nyama walikipa jina la askari. Walikitania kwamba askari huyu hapokei chochote mlangoni.

Sasa, siku moja lori lilirudi nyuma likagonga nguzo ya umeme iliyo nyuma ya soko. Tulikaa gizani mchana kutwa, nyama ikiwa ndani, wenye nyama wakizunguka nje kama watu waliofiwa. Jioni mafundi wa umeme walisimamisha nguzo mpya, wakaunga waya, wakaondoka. Taa zikawaka soko zima, watu wakapiga makofi. Chumba cha baridi kikabaki kimya.

Barafu alikuwa mji mwingine, akifunga viyoyozi katika jengo la hospitali. Mjomba akampigia simu. Nilikuwa karibu, na mjomba huyu hana simu ya siri, akiongea na mtu soko zima linasikia.

Barafu alimwambia kwamba askari amekataa, na akikataa ana sababu. Huenda waliounga nguzo wamegeuza waya. Asiguse kitu, atoe nyama apeleke kwenye friji za watu usiku huo, yeye angekuja kesho yake.

"Taa zote zinawaka," mjomba alisema. "Umeme una kasoro gani?"

"Taa haina mbele wala nyuma, mjomba. Kompresa inayo. Nakuomba, usiguse."

Mjomba akakata simu, akaangalia mlango wa chumba, akaangalia wenzake waliomzunguka. Mimi nilifunga jiwe langu nikaenda nyumbani. Kilichofuata sikukiona. Ninachojua ni kwamba asubuhi nilikuta mashine inanguruma, na mjomba anatembea kifua mbele. Alimpigia Barafu akamwambia abaki na kazi yake, mashine imewaka yenyewe. Barafu akashukuru Mungu, akaendelea na viyoyozi vyake.

Mashine ilikuwa inanguruma kweli, lakini kwa mngurumo mwingine. Mama muuza maini, ambaye meza yake imeegemea ukuta ule, alilalamika kwamba inamtetemesha meno. Ilikuwa inazima, inapumzika, inaanza tena kutetemeka. Chumba hakikupoa. Watu wakasema ngoja, kimekaa sana bila umeme, kitapoa taratibu. Nyama ikaanza kutoa harufu. Siku Barafu aliporudi alikuta nyama inapakiwa kwenye mkokoteni kwenda kufukiwa, na kompresa imekufa, haijibu chochote.

Watu wenye hasara hutafuta wa kumshika shati. Neno likaanza chini chini, kisha likapanda. Barafu alifunga kompresa kuukuu akasema mpya. Barafu anaua mashine ili auze nyingine. Mwenyekiti anambeba mpwa wake. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma mjomba, na mjomba alipochomwa alisimama mbele ya kamati akasema yeye habebi mtu, kama kazi ya binti ilikuwa mbovu basi binti atajibu mwenyewe. Akatoa siku ya mkutano wa soko zima, Barafu aje aombe radhi, kisha atafutwe fundi mwingine.

Barafu aliyasikia hayo akiwa amepiga magoti mbele ya boksi la umeme. Alikuwa ameshapima waya, na kipimo kilimwonyesha kwamba zamu imegeuzwa kweli. Askari alikuwa bado mahali pake, mzima, taa yake nyekundu ikiwaka kuonyesha kwamba anakataa. Lakini nyuma yake kulikuwa na kipande cha waya nyekundu ambacho Barafu hakukifunga yeye. Kilitoka upande mmoja wa askari kikaingia upande wa pili. Mtu alimzunguka askari, umeme ukapita bila kumuuliza.

Hakuuliza mtu. Alimfuata mjomba kwenye bucha lake, akamsalimia shikamoo, akaweka kile kipande juu ya meza, kando ya mizani. Mjomba akakitazama. Kisha akasema hajui umeme, hajui waya, na kama ana la kusema akaseme mkutanoni, tena aanze na kuomba radhi. Akachukua shoka akaendelea kukata mbavu.

Jioni ile familia ikakaa sebuleni kwa mama. Mama alinisimulia baadaye, huku nanoa, na kila alipofika mahali pagumu alikuwa ananyamaza mpaka jiwe lipite. Walikuja mjomba, mkewe, na shangazi mmoja anayejulikana kwa kupatanisha watu hata wasiogombana. Shangazi alisema jambo ni dogo. Barafu aseme nimekosea, watu wapoe, mjomba abaki na uenyekiti wake, na baada ya muda kazi itarudi pale pale. Mjomba ndiye aliyemlea. Kumwaibisha mbele ya soko ni kumvua nguo.

Barafu aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, kwamba malezi ya mjomba anayakumbuka kila anaposhika spana, na atayakumbuka mpaka kaburini. Akawa mkali mahali pamoja tu.

"Mjomba, ukiniagiza nikufulie nguo nitafua. Ukiniambia nitembee na ndoo kichwani mpaka mtoni, nitakwenda. Lakini kusema kwamba nimeua kitu nilichokilinda, hilo sisemi. Hata mkikaa hapa mpaka kuche."

Mke wa mjomba alisema binti amekuwa kichwa maji tangu apate cheti. Shangazi akaanza upya tangu mwanzo. Mjomba hakusema kitu, na mama anasema hapo ndipo alipojua. Kaka yake akiwa na haki nyumba nzima inatetemeka. Siku ile alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Wageni walipoondoka mama alimwambia bintiye kwamba hawezi kusimama katikati ya kaka yake na mwanawe, asimwombe hivyo. Lakini mkutanoni atakuja, na atakaa mahali ambapo binti atamwona.

Siku ya mkutano Barafu alikuja nyuma ya mkokoteni. Juu yake alikuwa amefunga pipa lile lililokufa na kiyoyozi cha zamani cha ofisi, kirefu kama kabati, kinachotumia umeme wa waya tatu kama chumba chetu. Watu wakacheka, mmoja akauliza kama anahamia. Barafu aliteremsha pipa katikati ya uwanja, akavaa miwani, akawasha grenda, akalikata mbele yetu. Cheche zilituruka mpaka tukasogeza viti. Kifuniko kilipotoka, harufu ya kuungua ilitoka nacho, na hata asiye fundi aliijua. Waya za mota zilikuwa nyeusi kama mkaa wa jana. Zile sahani za konokono zilikuwa zimechubuka kingo.

Mjumbe mmoja wa kamati alisema huu ni ushahidi wa mashine mbovu. Barafu akakubali kwamba chuma peke yake hakitoshi.

"Hapa kinaonyesha kimekufa kwa joto," alisema. "Hakionyeshi nani kakipa joto. Ndiyo maana nimeleta kingine."

Akavuta waya kutoka kwenye boksi la chumba cha baridi, mahali ambapo umeme haujafika kwa askari, akaziunga kwenye kiyoyozi kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa zimeunganishwa kwenye kompresa iliyokufa, rangi kwa rangi, akimwita kila aliyetaka aje aone. Akawasha. Kikaanza kutetemeka na kupiga kelele ya mabati yanayogongana. Mama muuza maini akainuka kwenye kiti chake akasema hiyo hiyo, hiyo ndiyo iliyokuwa inanitetemesha meno wiki ile. Barafu akamwomba mjumbe aweke mkono kwenye tundu la hewa. Mjumbe akauweka, akasema hewa ni ya joto kama pumzi ya mtu. Barafu akazima haraka, asije akakiua na hiki, akasubiri kitulie, akabadilisha nafasi za waya mbili tu, akawasha tena. Kelele ikaisha, ikabaki sauti laini ya kazi. Mjumbe akaweka mkono, akaungoja, kisha akautoa ukiwa wa baridi akaufutia kwenye suruali, na hakuna aliyehitaji kumuuliza.

Hapo ndipo Kibonge alipotoa neno ambalo lingetuokoa siku nyingi kama angelitoa mapema. Kibonge ana mashine ya kusaga nyama, na nyama yake huisha siku hiyo hiyo, kwa hiyo ya chumba cha baridi huwa hayamhusu. Alisema, kama mtu anayeongea peke yake, kwamba siku umeme uliporudi baada ya nguzo, mashine yake ilisaga kinyume. Alitia nyama juu, ikapanda badala ya kushuka. Alidhani imechoka. Fundi wake akageuza waya mbili, ikakaa sawa.

"Na hukumwambia mtu?" mama muuza maini akamuuliza.

"Nani aliniuliza?" Kibonge akasema.

Watu walicheka, na kicheko kile kilimaliza ubishi. Mashine ya kusaga nyama kila mtu anaijua. Kila mtu aliona mara moja nyama inayopanda, na akaelewa gesi isiyokamuliwa. Lakini Barafu hakuwa amemaliza. Alitoa mfukoni kile kipande cha waya nyekundu akakiinua.

Alisema umeme kugeuzwa nguzoni si kosa la mtu yeyote wa soko hili. Askari alikuwepo kwa ajili ya hilo, na askari alifanya kazi yake. Aliyemzunguka kwa waya hii ndiye aliyewasha kifo cha kompresa. Hataji mtu. Lakini yeye haombi radhi, leo wala kesho, na asiyeridhika na hilo atafute fundi mwingine sasa hivi wakati mkokoteni bado upo.

Nilimtazama mama yake, amekaa mstari wa mbele, mikono imeshika pochi. Hakumtazama binti. Alikuwa anamtazama kaka yake.

Mjomba akasimama. Alisema kwa sauti ile ile kubwa kwamba ni yeye. Alimwita fundi wa mtaani, akamwambia mashine iwake kwa namna yoyote, na fundi akafanya alivyoambiwa.

"Nyama yenu ilikuwa inaoza, na nyote mlikuwa mmenikodolea macho mimi," alisema. "Nani kati yenu angesubiri mpaka kesho yake?"

Jibu lilijulikana. Barafu ndiye aliyejibu.

"Ungeniambia hivyo siku ile ile, mjomba, ningekuelewa. Ningekuja na basi la kwanza tukahangaika pamoja. Wewe ukaniambia niombe radhi."

Mjomba akakaa. Hakusema samahani, na mpaka leo sijamsikia akiisema. Walioteta kwamba Barafu anabebwa walikuwa wameinamia viatu vyao. Hawakumwondoa mwenyekiti. Kila aliyekuwa pale alijijua angefanya yale yale.

Barafu aliposhika tena kazi alitoa masharti, na hakushuka hata moja. Boksi la umeme lingefungwa kwa kufuli, ufunguo ungebaki kwake na nakala kwa mama muuza maini, aliyemchagua kwa kuwa hababaishwi na mtu. Kwenye bomba linalotoka kwenye kompresa mpya alifunga vali inayopitisha gesi upande mmoja tu. Alitueleza kwamba mashine inapozima, gesi iliyobanwa hutaka kurudi ilikotoka, na ikipita inazungusha zile sahani kinyume hata bila umeme. Akaongeza na kidude cha kuchelewesha, ili umeme ukikatika na kurudi hapo hapo, kompresa isiwake kabla ya kutulia. Watu walinung'unika. Umeme wetu hupepesa mara kwa mara, na kusimama mbele ya chumba kilichonyamaza huku taa zinawaka kunakera. Wajumbe wawili walimfuata wakamwomba akitoe kidude, angalau siku za sikukuu. Aliwaambia kikitoka kile, anatoka na yeye. Wakarudi walikotoka.

Alipoteza wateja kwa sababu ya msimamo huo. Mwenye hoteli moja alitaka afungiwe mashine bila askari, kwa kuwa fundi mwingine alimwambia si lazima. Barafu akakunja vifaa vyake akaondoka kabla ya chai kuja. Wengine wanasema anajiona. Mama yake akiambiwa hivyo husema, na ajione, mbona wanaume wanajiona kila siku na mashine zao zinaungua.

Na mjomba? Kwa muda mrefu salamu yao ilikuwa fupi. Barafu hakuacha shikamoo yake hata siku moja, na mjomba hakuacha kuitikia, ila aliitikia akitazama nyama. Mama alikuwa anapika na kuwaita wote wawili Jumapili, anawakalisha meza moja, wanaongelea hali ya hewa. Sikudhani watafika popote.

Kisha mwaka huu umeme ukasumbua tena, safari hii kiungo kilicholegea juu ya nguzo. Mafundi wa umeme wakaja, wawili, mmoja akapanda ngazi. Askari alikuwa amekataa mashine, na Barafu alisimama chini na kipimo chake. Yule wa juu alipomaliza kuunga akaanza kushuka. Barafu akamwambia asishuke, apime kwanza. Yule bwana akasema yeye amemaliza, taa zinawaka, ana kazi nyingine upande wa pili wa mji, na kwani yeye dada ni nani wa kumwambia.

Mjomba alikuwa anapita na aproni yake ya damu. Akasimama. Akakabidhi kisu kwangu bila kunitazama, akaenda akaishika ngazi kwa mikono miwili, miguu akaitanua kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Kaa huko huko juu," alimwambia. "Huyu asiposema sawa, hushuki. Mimi nilijaribu kumpita."

Barafu hakumtazama. Aliunganisha kipimo, akakisoma, akamwambia yule wa juu abadilishe nafasi za waya mbili za mwisho. Bwana akaguna, akabadilisha. Barafu akapima tena, akaitikia kwa kichwa, lakini neno sawa hakulitamka, na mjomba akaendelea kuishikilia ngazi na yule bwana juu yake, mpaka nyuma ya ukuta tukasikia kompresa inaanza.